Ramani ya Saa Mbili na Dakika Tano

Katika miaka yangu yote ya kazi, neno lililonisumbua kuliko yote ni "hapana". Nililisema mara moja tu, nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti mbele ya kamati, na nililisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa sijui. Kwa sababu ya neno hilo, mama mmoja mwenye watoto mapacha alikaribia kupoteza kazi yake na jina lake, na mwanamume mmoja aliyelala na mguu uliofungwa hogo aliendelea kumchukia mtu asiyestahili.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii ya seva na mitandao. Mimi nimestaafu. Niko Didia, nalima mpunga kidogo na dengu, na simu yangu hailali kwa sababu bado kuna watu wanadhani mtu akistaafu anaondoka na nywila zote kichwani. Wananiita Baba Milembe. Miaka mingi ya kazi niliimalizia kwenye ukanda wa dhahabu, Geita na vijiji vyake, na mwishoni nilikuwa kwenye mgodi ambao sitautaja, kwa sababu kosa ninalotaka kuwasimulia halikuwa la mgodi. Lilikuwa langu.

Kwanza nieleze mambo yalivyokaa. Ofisi kuu ya mgodi ilikuwa kilimani. Shimo la uchimbaji, ambalo sote tuliliita piti, lilikuwa mbali kidogo upande wa bondeni. Seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya watu wote, ilikuwa ofisi kuu. Kule piti kulikuwa na kontena lililogeuzwa ofisi: meza mbili, feni moja, printa ya ramani, na kompyuta moja iliyojaa vumbi jekundu hata uifute mara ngapi. Kompyuta hiyo haikuwa na ramani ndani yake. Ilizisoma kutoka kwenye seva, kupitia antena mbili zilizotazamana, moja kilimani na moja juu ya kontena. Tuliiwekea Linux, mfumo usioshikwa na virusi kirahisi, kwa sababu watu walikuwa wanaichomekea flashi za kila namna, na virusi vilikuwa vimetuchosha.

Mtu wa piti akifika asubuhi, anafungua folda inayoitwa "Leo", anaiona ramani ya siku, anaichapa. Kwake ni kama faili liko pale pale mezani. Hajui kwamba limepita angani, na si kazi yake kujua. Ilikuwa kazi yangu.

Aliyeweka ramani kwenye folda ile ni mpima wetu, Pendo, ambaye kazini tulimwita Mama Kulwa. Ramani yake ilionyesha sehemu ambazo mashine ya kuchoronga itatoboa mashimo ya baruti, na mistari myekundu kuzunguka sehemu ambazo mashine isikanyage. Ile mistari myekundu ilikuwa uhai wa watu. Kabla mgodi haujafika, wachimbaji wadogo walikuwa wamechimba maduara pale kwa miaka mingi, mashimo membamba yanayoshuka chini kisha yanakwenda pembeni kufuata mwamba. Mengi yalishafukiwa juu tu. Unasimama unaona ardhi ngumu, kumbe chini ni tupu.

Msimamizi wa piti alikuwa Bundala, Msukuma mwenzangu, mtu wa maneno machache. Mashine ya kuchoronga aliiendesha Salum, mtu wa Kigoma, mwenye utani na kila aliyempita. Hao watatu, Mama Kulwa, Bundala na Salum, ndio wenye habari hii. Mimi nilikuwa mtu wa pembeni, au ndivyo nilivyodhani.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Ramani ya siku iliwekwa kwenye folda jana yake jioni, kama kawaida. Lakini alfajiri Mama Kulwa alishuka piti na kifaa chake, akapima tena upande wa mashariki kwa sababu ulikuwa unamtia wasiwasi. Akaona dalili za duara. Akapanda ofisini, akachora mstari mwekundu mpya, akahifadhi ramani juu ya ile ya jana. Saa mbili na dakika tano asubuhi. Hakupiga redio, kwa sababu utaratibu haukumtaka apige. Folda ndiyo ilikuwa mjumbe.

Bundala alikuwa ameshaifungua ramani saa moja na dakika arobaini na tano, ili aone kazi ya siku. Saa mbili na nusu akaifungua tena, akaichapa, akampa Salum karatasi. Saa tatu na robo mnyororo wa kushoto wa mashine ukazama kwenye ardhi. Mashine ikalala upande. Salum akaruka, akaangukia mawe, mguu ukavunjika sehemu mbili. Bundala aliniambia baadaye kwamba Salum hakulia. Aliuliza tu, "Ramani ilisema nini?"

Mchana watu wa usalama wakafungua folda kwenye kila kompyuta, pamoja na ile ya piti. Zote zilionyesha ramani mpya yenye mstari mwekundu. Lakini karatasi iliyotoka kwenye mashine ya Salum, iliyochapwa saa mbili na nusu, haikuwa na mstari.

Kwa mtu yeyote wa kawaida hesabu ilikuwa rahisi. Kama ramani mpya ingekuwepo saa mbili na dakika tano, saa mbili na nusu ingechapwa hiyo. Kwa hiyo haikuwepo. Kwa hiyo mpima ameiweka baada ya ajali, akarudisha saa ya faili nyuma ili ajiokoe.

Siku chache baadaye nikaitwa mbele ya kamati kama mtaalamu. Nilivaa shati safi. Meneja ndiye aliyeuliza.

"Inawezekana mtu kubadilisha saa inayoonekana kwenye faili?"

"Inawezekana."

"Ni vigumu?"

"Kwa anayejua, si vigumu."

Mama Kulwa alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mikono juu ya magoti. Akaniangalia.

"Na inawezekana mfumo wako ukampa mtu wa piti ramani ambayo kwenye seva haipo tena?"

"Hapana," nikasema.

Mama Kulwa akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia, "Baba Milembe, una uhakika?"

"Nimejaribu mwenyewe leo asubuhi, mama. Nimebadilisha faili, nimelifungua, limekuja jipya hapo hapo."

Mama Kulwa alipotoka aliambiwa akabidhi kitambulisho, na uamuzi ungesomwa kesho yake saa nne.

Na ni kweli nilikuwa nimejaribu. Nilijaribu kutoka kwenye kompyuta yangu, mezani kwangu, ukuta mmoja na seva.

Hapa lazima niwaambie habari za Bi. Rehema, maana yeye angenikatiza pale pale kwenye kamati. Bi. Rehema alikuwa mtu wa Tanga aliyekuja Shinyanga kufuata mume akabaki kufuata kazi. Ndiye aliyenifundisha. Hakuwa mkali, lakini alikuwa na tabia ya kukuangalia juu ya miwani mpaka ukumbuke mwenyewe ulichosahau. Nilipokuwa mgeni kazini alinituma Chato, kwenye ofisi moja iliyolalamika kwamba mafaili hayafunguki. Nikafika, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha seva, nikafanya mambo yangu, nikafungua faili pale pale kwenye seva, likafunguka. Nikawaaga kwa heshima zote, nikapanda basi la Geita. Hatujafika mbali simu ikaita. Hakuna faili hata moja lililofunguka kwa mtu yeyote isipokuwa kwangu. Nikashuka njiani na begi langu, nikasubiri gari la kurudi juani, nikila mahindi ya kuchoma.

Nilipomsimulia, Bi. Rehema hakucheka wala hakugomba. Aliuliza, "Ulijaribu ukiwa umekaa kwenye kiti cha nani?"

Swali hilo nilidhani nimelishika maisha yote. Siku ya kamati nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini kazini na sikujiuliza.

Kilichonizindua ni sifa. Baada ya kamati nilikwenda mesi kula. Bundala akaja na sahani yake akakaa karibu nami. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Tukala. Kisha, nadhani kwa kutaka kusema neno jema siku ambayo haikuwa na jema, akasema:

"Lakini Baba Milembe, ile kompyuta yetu ulituponyeshea kweli. Zamani ukifungua ramani unaweza kwenda kuchota maji ukarudi bado inahangaika. Tangu uje kuirekebisha, ukifungua mara ya pili inakuja kama taa. Wabeja, asante sana."

Nikaweka kijiko chini.

"Mara ya pili," nikasema.

"Eh. Mara ya kwanza inasuasua kidogo. Ya pili, haraka."

Sasa niwaeleze kwa nini maneno hayo yalinitoa jasho, na nitaeleza kama Bi. Rehema alivyonieleza mimi, tulipokwenda Nkome kufunga mtandao mdogo kwenye ofisi ya pale mwaloni, wanaposhushia samaki. Tulikuwa tunapumzika, tunatazama wanawake wanaoanika dagaa. Akaniambia nimwangalie mmoja wao. Hatazami mbingu kila dakika kuona kama mvua inakuja, maana akifanya hivyo hatamaliza kuanika. Anatazama, anakumbuka alichoona, anafanya kazi. Lakini kila anapotaka kumwaga ndoo nyingine juani, anainua uso kwanza. Kompyuta inayosoma mafaili ya mbali hufanya hivyo hivyo, alisema. Haiwezi kuiuliza seva kila kitu kila mara. Inabaki na nakala ya karibu, ile tunayoiita kache, na inaikumbuka kwa muda mfupi. Lakini mtu anapofungua faili, inainua uso: inaiuliza seva, "Hili faili limebadilika tangu nilipoliona?" Kama halijabadilika, inatumia nakala. Kama limebadilika, inachota jipya. Mazungumzo hayo ni mafupi sana, lakini usalama wote umo humo.

Sasa mimi, miezi michache kabla ya ajali, wakati laini ya antena ilikuwa mbovu na watu wa piti wananipigia simu kila asubuhi, nilikuwa nimekaa kwenye lile kontena na kuandika mstari mmoja kwenye mipangilio ya kompyuta yao. Mstari huo ulisema mambo mawili. La kwanza: mtu akifungua faili, usiiulize seva. La pili: ukishajua habari za faili, ziamini kwa saa nzima. Nilikusudia iwe dawa ya siku mbili, mpaka antena itengenezwe. Antena ikatengenezwa. Mimi nikasahau. Sikuandika popote, si kwenye daftari wala kwenye kompyuta. Watu walifurahi, simu zikakoma, na mimi nikachukua ukimya ule kama ushahidi kwamba kila kitu ni kizima.

Nikamwomba Bundala ufunguo wa kontena. Hakuuliza sababu.

Nikakaa kwenye kiti chake. Kutoka hapo nikaingia kwenye seva kwa mbali, nikatengeneza faili dogo ndani ya folda ya "Leo", nikaandika ndani yake neno moja: "kwanza". Nikalifungua kwa upande wa piti. Kwanza. Nikarudi upande wa seva, nikafuta, nikaandika "pili". Nikalifungua tena upande wa piti. Kwanza. Nikaangalia saa ya faili kama piti inavyoiona, nikaangalia saa ya faili kama seva inavyoiona. Zilitofautiana kwa dakika nne, na piti haikuwa na wasiwasi wowote. Haikuwa imeuliza.

Nilitaka sana iwe ni antena, au kebo, au kitu chochote kilichotengenezwa na mtu mwingine. Nikasubiri. Dakika kumi, kwanza. Nusu saa, kwanza. Feni inazunguka, vumbi linaingia chini ya mlango, mimi nafungua lile faili na kulifunga kama mtu anayechungulia sufuria. Saa nzima ilipotimia nikalifungua, nikasoma: pili. Lenyewe, hakuna aliyeligusa.

Ndipo nikaelewa na mchana wa ajali. Saa moja na dakika arobaini na tano Bundala aliifungua ramani, na kompyuta ikaiamini hadi saa mbili na dakika arobaini na tano. Saa mbili na nusu, alipochapa, ilimpa ya jana bila kuuliza. Watu wa usalama walipokuja mchana, ile saa ilikuwa imekwisha zamani, kompyuta ilishauliza, na ikawaonyesha ramani mpya kwa uso mkavu. Mama Kulwa alikuwa amesema kweli kuanzia neno la kwanza.

Nikafungua ile mipangilio. Mstari ulikuwepo, kama nilivyouandika.

Nawaambia kilichofuata kwa sababu kuna siku mtakuwa kwenye kiti hicho. Niliufuta. Nikahifadhi, nikaunganisha folda upya, nikajaribu, ikafanya kazi sawasawa. Kwanza ikawa pili papo hapo. Kompyuta ikawa haina hatia, na mimi pia. Hakuna mtu mgodini aliyejua mahali pa kutafuta mstari kama ule, na sasa haukuwepo. Ningeweza kurudisha ufunguo na kusema nilikuwa nakagua tu. Nikakaa na wazo hilo. Sitawadanganya kwamba nililikataa haraka. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, nilikuwa na jina zuri, na nilianza hata kujiambia kwamba labda kamati itamwonea huruma.

Bundala akaingia kuvua kofia ngumu na kunywa maji. "Nimempita Mama Kulwa getini," akasema. "Anasubiri gari, ana boksi la vitu vyake. Nikamsalimia, akanijibu vizuri tu. Afadhali angenitukana."

Akainua kikombe, kisha akaniuliza, "Vipi, umeona kitu?"

Nikageukia kompyuta, nikauandika ule mstari upya, neno kwa neno, kama ulivyokuwa, nikaunganisha folda tena. "Kaa hapa," nikamwambia. "Kaa kwenye kiti chako. Nataka uone kwa macho yako."

Nikamwonyesha. Piti kwanza, seva pili, piti bado kwanza. Hakuwa fundi, lakini alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Alitazama skrini muda mrefu, halafu akatazama mikono yake.

"Kwa hiyo karatasi niliyompa Salum..."

"Ulimpa ulichopewa. Kosa si lako."

"Ni la nani?"

"Langu."

Bundala akachukua redio akamwita meneja, akamwomba ashuke piti na wanakamati.

Walikuja mchana huo huo. Nikawaonyesha kama nilivyomwonyesha Bundala, na nikawaacha wafungue lile faili kwa mikono yao wenyewe. Meneja akauliza maswali mafupi.

"Nani aliandika huu mstari?"

"Mimi."

"Uliandika wapi kwamba umeuandika?"

"Sikuandika popote."

"Na kwenye kamati ulisema haiwezekani."

"Nilijaribu nikiwa mezani kwangu. Sikuja hapa."

Nikapewa barua ya onyo, na kwa muda mrefu sikuruhusiwa kubadilisha mpangilio wowote bila mtu wa pili kutia saini. Nilikuwa mkubwa wa idara, na aliyetia saini alikuwa msichana niliyemwajiri mimi mwenyewe. Ilikuwa haki, na niwaambie, ilikuwa pia nafuu. Tangu siku hiyo kila nilichogusa kilikuwa na watu wawili wanaokikumbuka.

Mama Kulwa akarudishwa kazini kwa barua. Nikamfuata ofisini kwake. Alisimama niliposogea, kwa sababu ni mdogo kwangu na amelelewa vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Lakini leo usinisimamie. Nimekuja kuomba radhi."

Nikamweleza yote, na ule mstari nilioufuta kwanza kabla ya kuurudisha. Hilo la mwisho sikulazimika kulisema, lakini nilikuwa nimechoka kuchagua cha kusema na cha kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakunja barua ya meneja, akaiweka kwenye droo.

"Mimi umeniambia," akasema. "Na kamati umeiambia. Salum nani amemwambia?"

Nikatazama ile droo.

"Siku ya pili baada ya ajali nilikwenda kwake na machungwa. Alimwambia mke wake ayarudishe mlangoni. Alisema nimeuza mguu wake kwa uvivu wa kuchora mstari. Barua hii haisomwi chumbani kwa Salum, Baba Milembe. Nenda wewe. Kwa mdomo wako."

Kabla sijawapeleka kwa Salum, niwaachie mambo machache ya mikono, maana najua wengine mnasoma kwa ajili hiyo. Mtu akikwambia anaona faili la zamani, usimwambie bonyeza tena. Mwombe akae hapo alipo, wewe nenda alipo. Angalia saa na ukubwa wa faili kwa pande zote mbili, wa seva na wa kwake, kabla hujagusa kitu, kwa sababu ukianzisha kompyuta upya umefuta ushahidi. Hakikisha saa za kompyuta zote zinakubaliana. Halafu tumia neno dogo, kama nilivyotumia mimi, ulibadilishe upande mmoja ulisome upande wa pili, na uwe na subira ya kusubiri. Tatizo linalojiponya lenyewe ndilo linalowaumbua watu wasio na hatia. Ukiongeza muda wa kache kwa ajili ya kasi, andika pale pale kwenye mstari: nani, kwa nini, na lini uondolewe. Kasi ni kitu kizuri, lakini mwambie mtumiaji unachokichukua kwake ili umpe hiyo kasi. Mimi niliwachukulia watu wa piti haki ya kujua, na hawakuniomba.

Na kwa jambo lenye mguu wa mtu ndani yake, usiache folda iwe mjumbe peke yake. Tuliweka utaratibu: kila ramani na namba yake, na mashine haiwashwi mpaka Bundala aisome namba hiyo kwenye redio na mpima aitike. Inachukua muda mfupi. Wapo wataalamu vijana waliocheka utaratibu huo. Waacheni wacheke.

Salum alikuwa amepanga chumba kimoja na ukumbi karibu na barabara ya mgodini. Nilikwenda alasiri. Mke wake akanikaribisha, akanipa kiti cha plastiki, akatoka uani. Salum alikuwa kwenye godoro, amejiegemeza ukutani, mguu umenyooshwa juu ya mto, magongo mapya yamesimama pembeni. Alikuwa amekonda. Utani haukuwepo.

"Mzee wa kompyuta," akasema. "Karibu. Umetumwa?"

"Nimetumwa na Mama Kulwa. Lakini ninachokuja kusema ni changu."

Uso wake ukakunjamana aliposikia jina hilo. Nikasema upesi, kabla sijaogopa. Nikamweleza bila maneno ya kifundi: kwamba ramani ya mstari mwekundu iliwekwa saa mbili na dakika tano, saa nzima na zaidi kabla mnyororo haujazama. Kwamba ilikuwepo. Kwamba kompyuta ya piti ilikuwa imeamriwa isiulize, na aliyeiamuru ni mimi, ili ifungue haraka, na nikasahau.

Barabarani lori likapita, vikombe vikatikisika kabatini.

"Mama Kulwa aliuchora," Salum akasema.

"Aliuchora. Alishuka alfajiri peke yake kwenda kupima. Hakuna aliyemtuma."

"Na mimi nimemlaani. Hapa, kwenye hili godoro, kila siku. Mke wangu amechoka kunisikia." Akafuta uso na kiganja. "Wewe je? Nikulaani wewe?"

"Ukitaka."

Akanitazama, na nilidhani atafanya hivyo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusimama na kuondoka, na kusema kweli nilitamani aniruhusu. Badala yake akanyoosha mkono kuelekea dirishani, ilipokuwa simu yake.

"Nipe hiyo simu."

Nikampa. Akatafuta namba, akaiweka simu sikioni.

"Mama Kulwa," akasema. "Ni Salum... Ndiyo, yuko hapa, ameniambia... Hapana, usiseme hivyo, mimi ndiye niliyekosa. Njoo. Njoo na mapacha kama wametoka shule. Nataka unione."

Akakata. Nikasimama, nikachukua kofia yangu, nikaanza kumuaga.

"Unakwenda wapi, mzee?" akauliza. "Kaa. Atakukuta hapa."

Nikakaa.